Kamera ya kwanza kwa milioni moja na laki mbili: bodi isimeze pesa yote

SWALI: Habari za kazi. Niko Morogoro, nimekusanya shilingi milioni moja na laki mbili ninunue kamera yangu ya kwanza ya DSLR. Nataka nianze na kipaimara, komunyo ya kwanza, sendofu na picha za familia, nikishazoea niingie kwenye harusi na video kidogo. Dukani Kariakoo wamenishauri nichukue Canon 4000D mpya ya boksi, yenye waranti. Kaka mmoja mpiga picha anasema nitafute 700D iliyotumika. Naogopa kuuziwa kimeo. Nichukue ipi, na nikienda kuikagua niangalie nini?

JIBU: Ndugu yangu, huyo kaka amekushauri vizuri. Kwa kazi ulizotaja tafuta 700D iliyotumika, na ukiikosa chukua 600D. Lakini kabla hujatoa hata mia, gawa pesa yako kwanza. Wengi wanaoanza hawaharibikiwi kwa kukosea modeli. Wanaharibikiwa kwa sababu pesa yote imeishia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, halafu wanaingia kanisani na lenzi moja yenye giza, betri moja na kadi ya kuazima.

Katika milioni moja na laki mbili, bodi pamoja na ile lenzi ndogo ya 18-55mm inayokuja nayo visizidi laki sita na nusu. Tenga laki mbili na nusu kwa lenzi ya 50mm f/1.8. Inayobaki ni ya betri ya pili, kadi mbili na flashi ya kupachika juu. Bei za vitu vilivyotumika hazitulii, kwa hiyo shika uwiano huo kuliko tarakimu zenyewe. Ukiona bodi inakula robo tatu ya pesa, teremka modeli, usiikate lenzi.

Sasa hiyo 4000D. Ilitoka mwaka 2018, Canon wakailenga kwa mnunuzi wa bei ya chini kabisa, na ili bei ishuke wakang'oa vitu. Pale lenzi inapofungwa ni plastiki badala ya chuma. Kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, kinachomsaidia mwenye macho dhaifu kuona vizuri bila miwani, hakipo. Mfumo wa kutikisa vumbi kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachopokea picha, haupo. Kioo cha nyuma ni cha inchi 2.7 na hakifunguki pembeni. Hakuna tundu la maikrofoni, na wewe umetaja video. Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Lisilovumilika kwa mpiga sendofu liko juu ya kamera.

Mwambie muuzaji akuwekee 4000D na 700D kaunta moja, utazame ile reli ya chuma ya kuchomekea flashi. Kwenye 700D utaona vitone vinne vidogo vya chuma na kimoja kikubwa katikati. Hicho kikubwa ndicho kinachoiambia flashi "waka", na flashi karibu zote zinaelewa amri yake, hata zile za bei nafuu za kuseti kwa mkono. Kwenye 4000D, 2000D na 250D kitone hicho hakipo kabisa. Flashi ya Canon yenyewe itawaka kwa sababu inaongea kupitia vile vidogo, ila flashi rahisi ya kuazima, au triga ya kawaida ya kuwashia taa za studio, itakaa kimya hata ubonyeze mara mia. Baadhi ya watengenezaji wametoa flashi na triga mpya zinazopitia vitone vidogo, lakini hapo tayari unachaguliwa cha kununua. Mwenye bajeti yako anahitaji kamera inayokubali flashi yoyote atakayoipata. Kwa sababu hii peke yake nisingeichukua 4000D hata ikiwa na waranti ya miaka miwili.

Usitishwe na umri wa 700D. Ni ya mwaka 2013, lakini ina megapikseli 18, sawasawa na 4000D. Picha yake ina nukta 5184 kwa 3456, inatosha kuchapwa safi kwa ukubwa wa karibu A3, na mteja wako wa komunyo ataagiza ndogo kuliko hiyo. Inapiga picha tano kwa sekunde, kioo kinafunguka pembeni na kinaguswa kama cha simu, na ina tundu la maikrofoni. Pointi zake tisa za fokasi zote zinasoma mistari ya wima na ya mlalo. Kwenye 600D ya mwaka 2011 ni ya katikati tu inayosoma pande zote mbili, kwa hiyo penye mwanga hafifu unailenga hiyo ya katikati kwenye jicho, unashikilia kitufe nusu, ndipo unapanga picha. Kwenye video, 600D hukata faili likifika GB 4, yaani dakika 12 hivi, wakati 700D inaendelea mpaka dakika 29 na sekunde 59, na ukiwa na lenzi ya STM (yenye mota laini ya fokasi) inafuata fokasi yenyewe. Kwa picha tu, tofauti ya bodi hizi mbili ni ndogo. Kwa anayetaka video, ongeza pesa uchukue 700D.

Jihadhari na majina. Kamera iliyotumika inaweza kuwa iliuzwa mara ya kwanza Ulaya, Marekani au Japani, na Canon huipa jina jingine kila upande. 700D ndiyo Rebel T5i ya Marekani na Kiss X7i ya Japani. 600D ni Rebel T3i, na Japani ni Kiss X5. Kaherufi kale ka "i" kana pesa nyingi: T5 bila "i" ni 1200D, bodi ya chini zaidi, na Kiss X7 bila "i" ni 100D. Ikitoka Japani, fungua menyu uhakikishe lugha ya Kiingereza ipo. Chaja ya pini bapa isikuogopeshe. Imeandikwa 100-240V, kwa hiyo unahitaji adapta ya plagi tu, si transfoma.

Tuje kwenye lenzi, maana ndiko pesa yako itakakoonekana. Namba ya f inaonyesha tundu la lenzi linafunguka kiasi gani, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inaishia f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Chukulia kipaimara kanisani, saa tano asubuhi, madirisha nyuma ya umati, askofu anampaka mtoto mafuta kwenye paji la uso. Kwa f/1.8 na ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), tuseme unapata kasi ya 1/125 ya sekunde, kidole cha askofu kinatoka kikali. Kwa f/5.6, mahali palepale na ISO ileile, kasi inashuka mpaka 1/13, na kidole kinakuwa wingu. Zile herufi IS kwenye lenzi zinatuliza mtikisiko wa mikono yako wewe, haziwezi kuutuliza mkono wa askofu.

50mm ina masharti yake pia. Kwenye kamera za sensa ndogo kama hizi, inaona kama 80mm, kwa hiyo kumpiga mtu mzima kutoka kichwani mpaka miguuni unarudi nyuma kama mita nne na nusu. Sebuleni huna nafasi hiyo, ndiyo maana usiiuze 18-55. Tena, ukiiacha f/1.8 ukiwa karibu, jicho moja litakuwa kali na sikio limeyeyuka. Mtu mmoja mpe f/2.2, bwana na bibi harusi f/2.8 au f/4, ukoo mzima uliopanga mistari mitatu f/5.6 na kuendelea. Tafuta toleo la STM la mwaka 2015. Lina mahali pa kufungia pa chuma na linakaribia mpaka sentimita 35. Toleo la zamani la II limefungwa kwa plastiki na linaishia sentimita 45, ingawa picha zake si mbaya. Na hiyo 18-55 utakayopewa na bodi, soma mdomoni mwake. Iandikwe IS. Ipo ya III isiyo na IS inayofanana nayo kabisa kwa mbali.

Sasa ukaguzi. Nenda mchana, usiende jioni duka linapofungwa. Beba laptop, kadi yako mwenyewe, waya wa USB, gazeti, na simu yenye tochi. Omba nusu saa. Anayekukatalia nusu saa kwenye mali ya laki sita, muage kwa heshima uondoke.

Anza na skrubu za chini ya bodi. Zikiwa na mikwaruzo kwenye vichwa, kamera imefunguliwa, uliza kwa nini. Fungua mlango wa betri na wa kadi, uone kama kuna kutu ya kijani au vipini vilivyopinda. Betri itoke yenyewe ikibonyezwa kilango chake. Ikikwama imevimba. Toa lenzi, ichungulie kwa tochi ya simu ukiipitisha kwa pembeni, mbele na nyuma. Vumbi chache si tatizo. Unachotafuta ni fangasi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Unyevu wa Pwani unazilea sana. Lenzi yenye fangasi usiichukue hata kwa nusu bei, kuisafisha ndani ni kazi ya fundi na alama mara nyingi hubaki.

Weka kamera kwenye M (kuseti kwa mkono), kasi 1/4000, piga ukuta mweupe wenye jua mara tano. Picha zote ziwe na mwanga sawa juu mpaka chini. Ukiona utepe wa giza upande mmoja, pazia la shata, linalofunguka na kufunga mbele ya sensa, limechoka, na shata mpya na ufundi vinaweza kukaribia bei ya bodi. Ikikuandikia Err 30 ni shata hiyohiyo. Halafu weka f/22, fokasi ya mkono, ulenge ukuta huo au anga, upige huku ukiitikisa kamera kidogo, ukuze picha kwenye laptop. Madoa ya duara yenye kivuli laini ni vumbi la kwenye sensa, linasafishika, litumie kupunguza bei. Mstari mwembamba mkali usiohama kutoka picha moja hadi nyingine ni mkwaruzo, acha. Uchafu unaouona kwa kuchungulia tu, usioonekana kwenye picha, hauna madhara.

Kisha vuta 18-55. Weka f/11, piga kwenye 18, kwenye 35, na kwenye 55, kila mahali mara tatu. Ndani ya lenzi hizi kuna kebo bapa inayokunjwa kila unapozungusha zumu, na ikianza kukatika kamera inapiga vizuri tundu likiwa wazi kabisa, lakini ukilifunga inatoa Err 01 kwenye sehemu fulani ya zumu tu. Wauzaji hujaribu lenzi kwa kupiga picha moja ndani ya duka lenye kivuli, tundu likiwa wazi, na kasoro haionekani. Kabla ya kuilaumu lenzi, futa vile vitone vya dhahabu vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu urudie. Wakati mwingine ni jasho la vidole tu.

Fokasi ipime kwa gazeti. Lilaze mezani, simama kwa pembe, weka 50mm kwenye f/1.8, lenga mstari mmoja wa maandishi uliouwekea alama kwa kalamu. Mstari huo ndio uwe mkali kuliko yote. Ukiona wa mbele au wa nyuma yake ndio mkali, na inajirudia mara tano, bodi na lenzi hiyo hazielewani. 600D na 700D hazina menyu ya kulirekebisha hilo, kwa hiyo badilisha lenzi palepale dukani, jaribu nyingine.

Idadi ya mipigo ya shata ni kama kilomita za gari. Bodi za ngazi hii huhesabiwa kudumu mipigo laki moja hivi, baadhi hufa mapema, baadhi huvuka. Canon hizi haziandiki idadi ndani ya picha. Unaisoma kwa waya wa USB na programu ya laptop, kwa hiyo ipakue na uijaribu kabla hujasafiri. Namba ya faili si ushahidi, maana IMG_9999 ikipita inarudi 0001, na mtu anaweza kuianza upya wakati wowote. Chini ya 30,000 ni nzuri, kati ya hapo na 60,000 bishana bei, juu ya 80,000 nisingeigusa kwa bajeti yako. Kumbuka pia kwamba video ya nusu saa inahesabika kama mpigo mmoja tu, kwa hiyo bodi ya mpiga video inaweza kuonyesha idadi ndogo huku imechemka kwa miaka. Tazama kingo za kioo cha nyuma na raba ya kushikia. Zikiwa zimelika wakati idadi ni 9,000, kuna hadithi hujaambiwa.

Mwisho pachika flashi rahisi, hakikisha inawaka mara kumi mfululizo, chomeka maikrofoni, rekodi video ya dakika tano usikilize. Betri ya 700D inaitwa LP-E8, na ikiwa nzima inatoa picha 440 hivi kwa chaji moja. Ukijaribu betri inayoshuka mistari baada ya picha thelathini, dai nyingine.

Kuhusu Nikon kwa kifupi, maana utaonyeshwa. Picha zake ni nzuri sana, lakini D3200, D5200 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua 50mm f/1.8D ya bei nafuu, utazungusha fokasi kwa mkono. Lazima lenzi iandikwe AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Lenzi mpya za AF-P nazo hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D3200 na D7000. Ukikutana na D7000 safi kwa bei ya 700D, ni ya heshima: ina mota, nafasi mbili za kadi, na Nikon waliipima shata kwa mipigo 150,000. Faida moja ya Nikon ni kwamba idadi ya mipigo imo ndani ya kila picha, unaweza kutumiwa faili moja halisi ukaisoma kabla ya kupanda basi. Ila uliza wapiga picha wa hapo Morogoro wanashika nini. Siku lenzi yako imedondoka saa mbili kabla ya misa, utaazima kwa jirani, na ya Nikon haiingii kwenye Canon. Lenzi za Canon za EF na EF-S utakazonunua sasa zitakufuata pia baadaye, ukihamia kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani, kwa kutumia adapta.

Kadi nunua mbili za GB 32 za Class 10 badala ya moja kubwa. Faili moja ghafi la 18-megapikseli ni kama MB 24, JPEG ni kama MB 6. Kadi feki zimejaa. Inaandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8, na ikijaa inafuta za mwanzo bila kukwambia. Zijaze zote kwa programu ya H2testw kwenye laptop kabla ya kazi ya kwanza, halafu zifomati ndani ya kamera yenyewe.

Flashi ikija, kasi isipite 1/200, ukipita utaona utepe mweusi chini ya picha. Elekeza kichwa chake darini, usimmulike mtu usoni. Hapo tazama juu kwanza. Kumbi zetu za sendofu hufunikwa vitambaa, na flashi ukiigonga kwenye kitambaa cha zambarau, bibi harusi anatoka zambarau, na hiyo rangi haitoki vizuri kwenye ngozi hata kwa kompyuta. Tafuta ukuta mweupe nyuma yako au pembeni, ugeuze kichwa cha flashi huko, upandishe ISO mpaka 1600.

Mkikubaliana bei, andikishianeni siku saba za kurudisha, namba ya bodi iandikwe kwenye risiti. Siku hizo usiiweke kabatini. Piga picha mia tano, washa flashi ya kuazima, rekodi video mpaka betri iishe, piga nje juani na ndani usiku, vuta zumu kila upande. Kebo inayokaribia kukatika na shata inayokwama hujitokeza kwenye kazi nyingi mfululizo. Flashi na begi vinunue baada ya siku ya saba.